Kipa wa Kahawa

Hamdan bin Khalfan amekufa, Mungu amrehemu, na mimi nilikwenda Ibra kukaa taazia yake kwa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe na kilemba ambacho msibani mle hakikuwa na mwenzake. Nayasema haya makusudi. Wako wanaokwenda msibani kwa mapenzi, na wako wanaokwenda wasisemwe. Mimi nilikwenda kwa sababu asiyehudhuria taazia ya hasimu wake huambiwa anamwogopa hata maiti, na Hamdan sikumwogopa alipokuwa hai. Nilitoka Nizwa asubuhi kwa gari yangu, nikapita njia ya Sinaw, na jua halijakaza nikawa navua viatu mlangoni pa sabla, ule ukumbi wa mtaa ambamo wanaume hukutana kwa ndoa, misiba na mashauri. Tangu nilipotoka humo kijana sikuwa nimepakanyaga tena. Lakini viyoyozi vyake ni vyangu. Kampuni yangu ndiyo iliyovitia, niliwatuma mafundi, mie mwenyewe sikuja. Kwa hiyo waombolezaji wote wa Hamdan siku ile walikuwa wakiburudishwa na mimi, na nilipoona mzee mmoja anajikunyata na kuvuta shali mabegani, nilijua kazi ilifanywa vizuri.

Nikazunguka kutoa mikono, nikasema maneno yanayosemwa, nikakaa chini ukutani. Akaja mtoto wa marehemu, Yahya, mtu mzima mwenye ndevu zilizonyolewa pembeni kama mpaka wa shamba, mkononi kashika thamosi ya kahawa. Zamani lilikuwa dele la shaba. Siku hizi thamosi. Akanimiminia mpaka kahawa ikafika ukingoni mwa kikombe, ikawa inatetemeka pale juu. Damu ikanipanda. Huku Oman ya ndani kahawa ya heshima ni ile ya kufunika kitako cha kikombe tu, funda mbili, kisha unaongezwa, na ukitosheka unakitikisa kikombe mkononi. Kikombe cha kujaa ni tusi. Maana yake kunywa hiki, ukimaliza ondoka. Na huyu ni mtoto wa babake! Nikamwangalia usoni kuitafuta ile chuki ninayoijua, sikuiona. Akamgeukia jirani yangu, kadhi mstaafu, akamjazia na yeye mpaka juu, kwa adabu zote, mkono wa kushoto kifuani. Kumbe hajui. Hamdan hakumfundisha mwanawe hata kumimina kahawa.

Juu ya kichwa cha Yahya, ukutani, ilikuwepo picha. Nilijua itakuwepo. Imepauka, rangi nyekundu ya jezi imekuwa kama mchuzi uliotiwa maji, lakini watu wanaonekana: safu moja imesimama, safu moja imechutama, na katikati kipa na glavu zake na mpira baina ya magoti. Ndiyo timu ya mji ya mwaka ule tuliopanda daraja. Na yule kipa si kipa.

Usiku wa kuamkia siku ya taazia Mbarak alinipigia simu kutoka Sur. Mbarak ndiye kipa wa kweli. "Masoud," akaniambia, "kampe mkono mtoto wa Hamdan na kwa niaba yangu. Mie magoti hayanipi safari. Na usende ukafanya ujinga wako."

"Ujinga gani?"

"Unaujua." Akakata simu.

Habari za ukoo wangu na namna tulivyotoka Unguja nawaachia wanaopenda kulia. Mie naanza na chumba. Chumba kilikuwa nyumbani kwa Bi Thureya, mjane wa Malindi ya Unguja aliyetutangulia Ibra, nyumba ya udongo yenye dari ya magogo ya mitende, na sisi wawili tukilala humo, mimi na Mbarak, godoro hili na godoro lile. Ukutani upande wake palikuwa na msumari, na kwenye msumari glavu. Upande wangu palikuwa na vitabu vya umeme, nilivyovisoma kwa taa ya kandili wakati mchana kutwa nafanya kazi ya kupaka mafuta mashine zinazotoa umeme wa mji. Ndiyo, nilikuwa mpaka mafuta. Leo stashahada yangu imo ndani ya fremu ofisini Nizwa, na mgeni akiingia lazima aione kabla hajaniona mimi. Katika wote waliokuwa wakinicheka mwaka ule nani anayo? Nimeuliza mara nyingi, na sijajibiwa. Mbarak akiendesha gari la maji, akirudi jioni kanzu imelowa mpaka magotini, na kabla ya kula alikuwa akinipa mpira nimrushie, yeye akijitupa juu ya godoro kudaka, kulia, kushoto, mpaka vumbi la ukuta linatumwagikia. Bi Thureya akipiga kelele kutoka jikoni: "Nyumba ya udongo hiyo, wanangu, si goli! Mkiiangusha mtalala na punda!" Kisha anatuletea wali na mchuzi wa papa mkavu aliyeletwa kutoka Sur, umekoza ndimu na pilipili, na chakula kile sijakila tena popote, na nimekula kwenye hoteli zenye nyota ambazo Hamdan alizipita barabarani tu.

Mbarak alikuwa kipa hodari. Nasema kama fundi ninavyosema mashine nzima au mbovu, si kama rafiki. Lakini timu ya mji haikumpa goli. Goli lilikuwa la Badr, mtoto wa dadake Hamdan, na Hamdan, mwenye duka la vipuri vya magari, ndiye aliyekuwa mdomo wa mashabiki wote. Mbarak akikaa kwenye benchi na glavu zake mapajani, msimu baada ya msimu, akitazama.

Mwaka ule ulipoanza msimu, watu wakaanza kukutana sabla baada ya sala ya alasiri kwa suali moja tu: safari hii tutapanda? Mwaka uliotangulia tulikwama mlangoni kabisa, na donda lilikuwa bichi. Mbarak aliniambia twende tukasikilize, akaniasa nisiseme neno. Tukaingia, tukakaa chini kabisa karibu na viatu, ndipo mahali petu palipokuwa. Chumba kilikuwa kimejaa moshi wa ubani na harufu ya iliki, sinia ya halua katikati, na watu wote wanasema kwa pamoja.

"Mbele hatuna wasiwasi," alisema mmoja. "Saleh wetu katoka Dima wa Tayyin, kakua anawakimbiza mbuzi majabalini. Beki gani atamshika?"

"Atamshika beki wa Sur. Wale wana upepo wa bahari kifuani, hawachoki."

"Na Bahla?"

"Bahla wafinyange mitungi yao. Mpira wauachie wenyewe."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akakohoa akasema, "Yote sawa, lakini golini? Badr alifungwa na Jalan kwa mpira uliokuwa unatoka nje. Ulikuwa unakwenda zake! Akaufuata, akaurudisha, akautia mwenyewe."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa, na Hamdan akangoja kiishe. Alikuwa mtu mwembamba, shingo ndefu, na akisema alikuwa anaangalia dari. "Afadhali tufungwe na mtoto wa Ibra," akasema, "kuliko kudakiwa na mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi. Goli ni mlango wa mji. Mlangoni humweki mtu ambaye hujui babu yake kazikwa wapi." Hakututazama. Hakuwa na haja. Kila aliyekuwemo alitutazama kwa niaba yake. Mbarak akainamisha kichwa, akaanza kuchambua nyuzi za mkeka.

Wakati huo huo nikafikiwa na kahawa. Nikapokea, nikatia mdomoni, ikaniunguza ulimi. Basi nikafanya anavyofanya kila mtu aliyelelewa kwenye mabaraza ya Unguja: nikakiweka kikombe chini mbele yangu, ipoe.

Sabla ikanyamaza. Si kupungua sauti; ikanyamaza kama mashine iliyokatiwa mafuta. Mmiminaji akabaki ameinama, dele linaning'inia. Nikadhani nimekaa juu ya kilemba cha mtu. Kutoka juu kabisa, Sheikh Nasir, mkubwa wa sabla ile na mlezi wa timu, akanyoosha mkono wake na kusema kwa utulivu, "Ewe kijana. Sema haja yako."

Mbarak akaninong'oneza kwa Kiswahili bila ya kufungua midomo: "Kiokote, mpumbavu wee! Mgeni akiweka kahawa chini hajainywa, ana ombi. Mwenye nyumba hana budi amtimizie, ndipo anywe. Sema ni ya moto. Omba radhi."

Mtu mwingine angeomba radhi. Angechekwa siku ile, na mwaka ule, na kaburini angechekwa. Lakini mimi Mungu kanipa akili inayokwenda mbio kuliko ulimi, na niliona pale pale kwamba mlango umefunguka, sikuugonga lakini umefunguka, na mwerevu haulizi nani kaufungua. Nikamtazama Hamdan, si Sheikh. Nikasema kwa Kiarabu changu cha kuvunjika: "Haja yangu, Mbarak adake. Msimu mzima."

Hamdan akasimama. "Huyu? Huyu aje hapa na kikombe..."

"Kaa, Hamdan," alisema Sheikh Nasir. Akashika ndevu zake muda mrefu. "Wallahi, nilidhani utaomba mke." Watu wakacheka kidogo, kwa tahadhari. "Imepita. Kikombe kiko chini na mimi ndiye mwenye nyumba. Lakini nawe usikie, kijana. Umeomba mlango wa watu. Mlango ukivunjika, ni juu yako. Rafiki yako akitutia aibu, hapa hamkai tena, si yeye si wewe. Kunywa kahawa yako."

Nikainywa. Mwalimu wa timu, Msudani mpole aliyekaa pembeni, hakuulizwa chochote, kama kawaida yake ya kutoulizwa, ila nilimwona anatabasamu ndani ya kikombe chake.

Nje Mbarak alinishika kanzu. "Nani kakutuma?"

"Kikombe."

"Unacheka! Miye nina kazi hapa, nina pa kulala. Nikifungwa mabao ya kipumbavu hatutakuwa na mji. Sabla ukifukuzwa, msikitini utasalimiwa na nani? Mke utaposa wapi?"

"Basi usifungwe," nikamwambia. Na bado naona lilikuwa jibu zuri.

Bi Thureya alipopata habari alikaa chini jikoni akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio. Kisha akatuambia jambo ambalo Ibra nzima ililijua na hakuna aliyelitamka. "Hamdan huyo anayewauliza babu zenu? Mamake ni mtu wa Pemba. Yumo ndani mule, Kiarabu chake salamu tu, na akitaka chumvi huiomba kwa Kiswahili. Mwanawe kaletwa huku kabebwa mgongoni. Akiwaona nyinyi anajiona yeye, ndiyo maana hapati usingizi." Nilifurahi kuisikia habari hiyo kuliko nilivyofurahia chakula. Nikaiweka.

Msimu ule ulikuwa vita. Mbarak akapachikwa jina siku ya kwanza, Kipa wa Kahawa, na watoto wakimwimbia njiani akipita na gari lake la maji. Mechi ya kwanza alidaka kila kitu, na sabla hawakusema neno. Mechi ya pili akafungwa bao, bao ambalo hata ukuta wa ngome ungefungwa, na alasiri ile nilipokaa mahali pangu, Hamdan akainuka, akamnyang'anya mmiminaji dele, akaja mwenyewe mpaka karibu na viatu. Akanijazia. Akajaza taratibu, mpaka juu, mpaka ikamwagika kwenye vidole vyangu, na wote wanatazama. "Karibu, bwana mkubwa," akasema. Sikuijua maana yake, nikashukuru! Nilimshukuru mtu aliyenitukana, na kicheko chao naweza kukisikia hata sasa juu ya mngurumo wa viyoyozi vyangu. Mbarak alinieleza njiani. Toka siku hiyo kila bao tulilofungwa lilikuwa kikombe changu cha kujaa, na mimi nilikuwa nakinywa chote, moto vivyo hivyo, namtazama machoni, na siku ya pili narudi. Hilo ndilo walilokuwa hawalijui kwangu. Mimi hurudi.

Na sikuwa nakaa kimya. Kiarabu changu kilinoleka mwaka ule kwa matusi kuliko kwa vitabu. Siku moja walipokuwa wanapiga hesabu za kurudi kwa Badr, nikasema, "Sheikh Hamdan, Badr mpeni hilo dele alishike. Lina mkono, huenda hilo akalidaka." Hata Sheikh Nasir aligeuza uso ukutani. Hamdan hakujibu pale. Alijibu dukani. Mkanda wa feni wa gari la Mbarak ulikatika, na duka la vipuri lilikuwa la Hamdan tu. Mbarak alikwenda akauliza. Mikanda ilikuwa inaning'inia nyuma ya kichwa cha Hamdan kama maganda ya mua. "Hamna," Hamdan akamwambia. Mbarak akanyoosha kidole. Hamdan hakugeuka. "Nimesema hamna." Ikabidi apande gari za watu mpaka Sinaw kutafuta mkanda, na mtaa mzima ukakaa bila maji siku ile, na lawama zikaangukia kwa nani? Kwa kipa wa kahawa. Aliporudi alikaa juu ya godoro akasema anaondoka, anakwenda Maskati, hataki goli la mtu. Nikamwambia ukiondoka watasema mlango umevunjika. Akasema waseme. Nikamwambia, na hili sitaki alisahau, "Wewe unaweza kudaka popote. Mimi nimeomba mara moja tu maishani mwangu, na nimeomba kwa ajili yako." Akalala ananipa mgongo. Asubuhi glavu zilikuwa bado kwenye msumari.

Tukafika mechi ya mwisho tukiwa juu, kwa sababu ya magoli ya Saleh, nakubali, na kwa sababu ya mikono ya Mbarak, na hili hawakukubali. Mechi ilikuwa Sur. Sare ilitutosha. Mashabiki tukapakiwa kwenye malori, tukasimama Jalan Bani Bu Hassan kula mchana kwa jamaa wa Sheikh Nasir. Masinia ya wali na nyama ya mbuzi yakapangwa chini ya mitende, na watu wakajikusanya kwenye masinia wakibanana mabega. Mimi na Mbarak tukakaa kwenye moja. Hakuna aliyetufuata. Wamebanana kule mpaka wengine wanakula wamechutama, na sisi sinia zima mbele yetu kama mabwana harusi. Mbarak akaliangalia, akakunja mikono ya kanzu. "Vizuri," akasema. "Leo tutashiba." Na tukala mpaka mifupa.

Uwanja wa Sur ulikuwa mchanga na changarawe, milingoti ya goli ni mabomba ya maji yaliyopakwa chokaa, na jasho huko halikauki. Mechi siitaki kuisimulia yote. Haikuwa mechi ya kuangalia, ilikuwa watu wanapigana na mpira uko karibu. Hakuna aliyefunga. Karibu na mwisho beki wetu akamwangusha mtu wao ndani ya boksi, na mwamuzi akaonesha penalti. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kamba, na nyuma yangu, karibu naisikia pumzi yake, Hamdan. Tangu asubuhi alikuwa anasema kwa sauti nisikie: leo ndiyo leo, leo tutajua. Sikugeuka. Nilikuwa najua kwamba mpira ule ukiingia, sabla imekwisha, Ibra imekwisha, na Mbarak atapanda gari kwenda Maskati bila ya kurudi kuchukua godoro.

Mpigaji akarudi nyuma. Na pale pale sauti ikapasuka nyuma ya sikio langu, sauti ya mtoto anayemwita mama: "Daka, mwanangu! Daka! Mama yangu weee!"

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Pemba, hakina doa. Mbarak akaruka kulia, mpira ukampiga mkononi, ukagonga bomba, ukatoka. Watu wakaingia uwanjani. Mimi sikuingia; nilikuwa nimegeuka, namtazama Hamdan, na yeye kajifunika mdomo kwa mkono wote kama mtu aliyekohoa damu. Waliomzunguka walikuwa wanaruka, sidhani kama kuna mwingine aliyemsikia. Ni mimi tu. Nikamchekea. Akaushusha mkono, akaniambia kwa Kiarabu, "Unatazama nini?" Na nikaona machoni mwake kwamba kudaka kwa Mbarak angeweza kukusamehe, lakini kusikia kwangu hatakusamehe.

Mbarak alivunjika kidole kwa mpira ule, akabakizwa hospitali ya Sur. Akakaa huko, dada wa mgonjwa wa kitanda cha pili akawa anamletea uji, na yaliyobaki yanajulikana: hakurudi kuishi Ibra, na wajukuu zake leo ni watu wa Sur. Sisi tukarudi na malori yanaimba. Ijumaa iliyofuata akaletwa mpiga picha. Mimi nilikuwa zamu kwenye mashine. Mtu akaja kwa Bi Thureya akaiomba jezi ya Mbarak, niliyorudi nayo kutoka Sur pamoja na glavu, na Bi Thureya kaifua na kuianika, akasema jezi zote zinakusanywa kuwekwa. Akampa. Jioni Bi Thureya akaniuliza kwa nini wamekusanya jezi na glavu pia.

Wiki ile ile picha ikatundikwa sabla. Badr kachutama katikati, ndani ya jezi ya Mbarak, ndani ya glavu za Mbarak, mpira baina ya magoti. Nikasimama chini yake.

"Huyu nani?" nikauliza.

"Kipa," akasema Hamdan.

"Kipa yuko Sur na mkono umefungwa."

"Hupigwa picha aliyekuwepo." Akachukua dele. Hakukuwa na bao, hakukuwa na kosa, tumepanda daraja, na akanijazia kikombe mpaka juu. Nikamtazama Sheikh Nasir. Sheikh alikuwa anachagua tende kwenye sahani, anazigeuza moja moja, hakuinua uso. Ningeweza kulisema pale lile nililolisikia Sur. Nilikuwa nalo ulimini. Sikulisema, kwa sababu mamake alikuwa hai na mimi si mtu wa kumvunjia heshima mama wa mtu. Hamdan angelifanya, mimi sikulifanya. Nikakiacha kikombe kwenye sinia kimejaa, nikatoka. Mwezi ule ule nilipata nafasi ya chuo, nikaondoka Ibra. Kilichofuata ni stashahada, ni kampuni, ni jina langu kwenye magari kumi na tano, na mtu asiniambie bahati.

Basi hapo ndipo nilipokuwa nimekaa siku ya taazia, kikombe cha mtoto wa Hamdan mkononi kimejaa, na picha mbele yangu. Mbarak kaniambia nisifanye ujinga. Nikafikiri kidogo juu ya Mbarak. Kisha nikakiweka kikombe chini.

Wazee watatu wa upande ule wakaacha kuzungumza. Kadhi akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akasogea kidogo kama mtu anayepisha gari. Yahya akaja haraka na thamosi yake. Akaniinamia na kuniambia kwa Kiswahili, kile cha watoto wa huku waliojifunza kwa bibi zao: "Ami, kikombe yako baridi? Mimi nabadilisha."

Kiswahili! Kumbe kimesemwa nyumbani kwa Hamdan. "Si baridi," nikasema. "Mgeni akiweka kikombe chini, mwenye nyumba humwuliza haja yake. Babako hakukwambia?"

"La, ami." Akapiga goti mbele yangu, kwa heshima. "Haja gani?"

Maneno nilikuwa nayo. Nimeyapanga njiani, nimeyapanga miaka mingi kabla ya njia ile, kwa Kiarabu safi ambacho sikuwa nacho kijana: nani alidaka, nani alivaa jezi ya nani, babake alikuwa mtu wa namna gani. Nikanyanyua kidole tu. "Ile picha. Naitaka ishuke."

Nilingoja ainuke kwa ghadhabu. Akainuka, akaenda ukutani, akaitoa kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa mkono wa kanzu yake, akanipa. Hakuna sauti iliyopanda popote. Akakaa tena mbele yangu, akaiinamia kwa hamu. "Wewe hapa uko wapi, ami?"

"Simo."

"Sahibu yako?"

"Hayumo."

Akanitazama, kweli anataka kujua. "Sasa unataka ya nini?"

Mie ni mtu wa kujibu. Nimewajibu mawaziri. Nikaangalia wale watu kwenye picha, wote wamekwisha kufa ila Saleh, na Badr katikati yao katoa macho, glavu zimempwaya, nikailaza picha chini kando ya kikombe.

"Kunywa basi, ami," akasema Yahya. "Haja yako tayari."

Nikainywa. Ilikuwa imepoa kabisa. Yahya akafungua thamosi, akangoja, na nilikuwa na kikombe mkononi, ningekitikisa tu angeelewa, hilo angalau atakuwa kafundishwa. Sikukitikisa. Nikamnyooshea, akanijazia mpaka juu.